Bakuli la Mbwa wa Songwe: Historia ya Makombo, Maharage na Gesi ya Tumboni

Gesi inayozidi tumboni mwa mbwa, yaani ile hali ambayo mnyama hutoa ushuzi kila mara, tumbo likanguruma na harufu ikawafukuza watu barazani, kwa kawaida huachiwa waganga wa mifugo kana kwamba ni suala la tiba peke yake. Katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambao mji wake wa Tunduma unapakana na Nakonde ya Zambia, hali hiyo ina historia, na historia hiyo ilikuwa ya watu kabla ya kuwa ya mbwa. Ng'ombe wa nyanda hizi alikula nyasi za malishoni na nguruwe aliletewa chakula bandani, lakini mbwa aliishi kwa makombo, kwa hiyo kila badiliko lililoingia katika chungu cha mwenye nyumba lilifika tumboni mwake siku hiyo hiyo. Anayetaka kujua kwa nini mbwa wa Mbozi au Momba hujaa gesi hana budi kuuliza kwanza watu wa Mbozi na Momba wamekula nini, tangu lini. Na akiuliza hivyo atagundua kwamba ugali, unaolaumiwa kuliko chakula kingine chochote, umebeba lawama ambayo kwa sehemu kubwa si yake.

Tumbo la mbwa hupata gesi kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa inayomezwa pamoja na chakula, hasa mnyama anapokula kwa pupa akihofia kunyang'anywa. Hewa hiyo, ambayo karibu yote ni nitrojeni na oksijeni, haina harufu, na nyingi yake hutoka kwa kubeua. Njia ya pili ni uchachu unaofanyika katika utumbo mpana, ambako bakteria hukishambulia chakula kilichopita katika utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, wakazalisha haidrojeni, kaboni dioksidi na, kwa baadhi ya wanyama, methani. Gesi zote hizo hazinuki, ingawa ndizo zinazofanya zaidi ya asilimia 99 ya ujazo unaotoka. Harufu huletwa na kiasi kidogo mno cha gesi zenye salfa, hasa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na protini. Kwa sababu hiyo wingi wa ushuzi na ukali wa harufu yake ni mambo mawili tofauti: mbwa aliyelishwa maharage hutoa gesi nyingi isiyonuka sana, na mbwa aliyekula matumbo ya samaki yaliyoanza kuoza hutoa kidogo kinachotosha kuvunja mazungumzo.

Kabla ya ukoloni, Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga na Wawanda wa upande wa Momba, pamoja na Wandali na Walambya wa Ileje, waliishi kwa kilimo, mifugo kidogo na uwindaji. Nafaka kuu ya Wanyiha ilikuwa ulezi, na mtama ulistawi zaidi mabondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Kunde zilikuwa miongoni mwa mboga za jamii ya mikunde. Wanyiha walikuwa pia wafua chuma mashuhuri, na chumvi ilipatikana Ivuna, katika bonde la Rukwa, mahali ambapo uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Brian Fagan na John Yellen, na kuchapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi kati ya karne ya 13 na ya 15. Katika uchumi wa namna hiyo mbwa alikuwa na kazi na ujira wake. Aliwinda pamoja na watu, na kama ilivyokuwa katika jamii nyingi za wakulima wawindaji, alipewa damu, matumbo na mifupa ya mnyama aliyesaidia kumkamata. Siku zisizo na windo alipewa mabaki ya ugali wa ulezi, au alijitafutia mwenyewe panya na mizoga. Chakula hicho kilikuwa kidogo, lakini hakikuwa cha kumletea gesi nyingi, kwa kuwa nyama humeng'enywa karibu yote katika utumbo mwembamba na ulezi uliopikwa vizuri hauachi mabaki mengi ya kuchacha.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu kuna hoja inayorudiwa sana na wafugaji wa mijini kwamba mbwa ni mla nyama na kwamba wanga wa aina yoyote, yaani ile sehemu ya nafaka na mizizi inayotia nguvu, ni sumu kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la wanasayansi lililoongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ulilinganisha chembe za urithi za mbwa na za mbwamwitu, ukakuta kwamba mbwamwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza amilesi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja wanga, ilhali mbwa wengi wana nakala nyingi zaidi, wengine hata zaidi ya 20. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba nakala hizo ni nyingi kwa mbwa waliotoka katika jamii za wakulima na chache kwa mbwa wa nchi za barafu na kwa dingo wa Australia, ambao wenyeji wao hawakulima. Mbwa aliyefika kusini mwa Afrika alifika pamoja na wakulima wafua chuma katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, na kwa hiyo mbwa wa Songwe ni mzao wa wanyama waliokwisha kuzoea chungu cha nafaka kwa vizazi vingi. Ugali ulioiva hauwezi kuwa mgeni kwake.

Wageni walikuwa wengine. Mahindi na maharage, vyakula viwili ambavyo leo hakuna anayeweza kuifikiria Mbozi bila navyo, asili yake ni bara la Amerika, na vilienea Afrika Mashariki polepole baada ya Wareno kufika pwani. Katika nyanda za juu kusini havikuuondoa ulezi kwa mara moja. Kilichovisukuma ni karne ya 20, pamoja na mipaka iliyoirithi, vita vyake na bei zake. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka kaskazini mwa barabara ya Stevenson, ile njia iliyobuniwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ili barabara ibaki mikononi mwa Waingereza, na kwa mstari huo Wanyamwanga wakagawanywa kati ya tawala mbili. Miaka 24 baadaye mstari huo ukawa uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya pande zote mbili yalitegemea wapagazi, na wapagazi walilishwa posho, yaani mgawo wa unga uliopimwa kwa kila mtu kwa siku; mahindi ndiyo yaliyosafirishika na kununulika kwa wingi, hivyo unga wake ukawa ndio posho. Novemba 1918, siku chache tu kabla ya vita kwisha, kikosi cha Wajerumani cha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kilikuwa kikipigana Fife, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, si mbali na mahali ilipo Tunduma ya leo.

Posho hiyo iliacha funzo la kitabibu ambalo linamhusu mbwa moja kwa moja. Miongoni mwa wapagazi wa vita hivyo katika Afrika Mashariki, waliozoea ndizi, mchele au nafaka nyingine waliugua matumbo vibaya walipopewa unga wa mahindi ambao hawakuujua na ambao, kwa uchovu, uhaba wa kuni na haraka ya safari, waliupika ukabaki mbichi. Wanga usioiva hupita katika utumbo mwembamba bila kuvunjwa na kwenda kuchachia mbele. Yaliyompata mpagazi humpata mbwa anayetupiwa uji wa mahindi uliokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, na mpishi wa mbwa, ambaye mara nyingi ni mtoto au mlinzi, huwa na haraka kuliko hata mpagazi.

Lakini mshtakiwa mkuu ni maharage. Ndani yake, kama ndani ya soya na mimea mingine ya jamii ya mikunde, mna sukari changamano ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo si mbwa wala binadamu aliye na kimeng'enya cha kuzivunja katika utumbo mwembamba. Zinafika zote katika utumbo mpana, na bakteria wa huko huzigeuza gesi kwa muda wa saa chache. Kadiri maharage yalivyozidi kuwa kitoweo cha kila siku, ndivyo sukari hizo zilivyozidi katika makombo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, ambacho tangu miaka ya 1970 kimekuwa chimbuko la mbegu za nyanda za juu kusini, kilitoa aina mbalimbali za maharage, mojawapo ikijulikana kwa jina la Uyole 84, na mashamba ya Mbozi na Ileje yakawa sehemu ya eneo linaloilisha miji ya mbali. Mbwa aliyepoteza windo akapata mchuzi.

Akina mama walikuwa na namna zao za kuyapunguza makali ya maharage muda mrefu kabla ya maabara kueleza sababu. Kuyaloweka usiku kucha na kuyamwaga maji yale, kisha kuyachemsha na kuyamwaga tena maji ya kwanza, huondoa sehemu kubwa ya rafinosi na stakiosi kwa kuwa sukari hizo huyeyuka majini. Magadi, ambayo hutiwa ili maharage yaive upesi na kuokoa kuni, husaidia kazi hiyo hiyo. Jambo linalosahaulika ni kwamba maji yanayomwagwa, au mchuzi uliobaki chini ya sufuria, mara nyingi humwagwa palepale katika bakuli la mbwa, hivyo gesi iliyookolewa katika tumbo la mtoto wa nyumba inahamishiwa kwa mnyama. Kwenye mchuzi huo mna pia vitunguu, ambavyo ubaya wake si wa gesi tu, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Windo lenyewe lilikoma kwa sheria na kwa msumeno. Misitu ilipungua kadiri mashamba ya mahindi na kahawa yalivyopanuka, na kati ya mwaka 1973 na 1978 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Miaka hiyo hiyo ndiyo watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, na sera ya bei moja ya mahindi nchi nzima ikaifanya Mbeya, pamoja na Iringa, Rukwa na Ruvuma, kuwa mikoa minne mikubwa ya kuzalisha nafaka hiyo kwa ajili ya taifa. Mashine za kukoboa na kusaga zikaleta mgawanyo mpya ndani ya punje moja ya hindi: sembe, yaani unga mweupe uliotolewa ganda na kiini, ikaenda mezani, na pumba zikabaki kwa mifugo. Tangu hapo chakula cha mbwa wengi wa mkoa huu kimekuwa pumba zilizochemshwa pamoja na dagaa. Mchanganyiko huu unastahili kuchunguzwa kwa haki, kwani dagaa humpa mbwa protini ambayo ugali mtupu haumpi. Walakini pumba zina nyuzinyuzi nyingi, na nyuzinyuzi ndizo chakula cha bakteria wa utumbo mpana, ilhali dagaa wana salfa nyingi katika protini yao. Pumba huleta wingi, dagaa huleta harufu. Mfugaji anayelaumu ugali kwa kawaida hampi mbwa wake ugali. Anampa kile kilichoondolewa ili ugali upatikane.

Reli ndiyo iliyoigeuza Tunduma. Njia ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ikafika mpakani hapo mwaka 1973 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ikiwa na vituo vya Mlowo, Vwawa na Tunduma katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Songwe. Sambamba nayo ikapita barabara kuu ya lami inayobeba shehena za Zambia na Kongo. Foleni za malori zikawa sehemu ya maisha ya mji, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa Oktoba 2019, na sensa ya mwaka 2022 ikakuta mji una watu zaidi ya 200,000. Kwa mbwa, mji wa namna hii ni meza isiyoondolewa vyombo. Mama lishe, mabucha, wauza chipsi na mabanda ya kitimoto humwaga usiku mmoja kile ambacho kaya ya kijijini haikuweza kukimwaga kwa wiki nzima, na mbwa hula leo wali na maharage, kesho mafuta ya chipsi, keshokutwa matumbo ya ng'ombe. Bakteria wa utumbo huhitaji siku kadhaa kuzoea chakula kipya, na ndiyo sababu madaktari wa mifugo hushauri chakula cha mbwa kibadilishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi. Mbwa wa mpakani hapewi nafasi hiyo kamwe.

Mji huo ulileta pia mbwa wa aina nyingine na mlo wa namna nyingine. Maghala na yadi za malori zilihitaji walinzi wa miguu minne, na wenye mali wakapendelea mbwa wakubwa, hasa machotara wa German Shepherd. Uzao huo una ugonjwa wa kurithi unaojulikana, ambao kongosho hushindwa kutoa vimeng'enya vya kutosha. Mnyama hula sana na kukonda, kinyesi chake huwa kingi, laini na chenye rangi iliyopauka, na gesi humtoka bila kikomo, kwa kuwa chakula kinafika katika utumbo mpana kikiwa karibu kama kilivyoingia mdomoni. Kumbadilishia mbwa wa namna hiyo pumba kwa sembe hakusaidii kitu. Anahitaji kupewa vimeng'enya vyenyewe katika kila mlo. Juu ya hayo, mbwa wa yadi hulishwa mara moja kwa siku, wengi kwa sinia moja, na kila mmoja hushindana kumeza kabla ya mwenzake, hewa ikiingia pamoja na tonge. Kuwatenganisha na kuwagawia mlo mara mbili ni hatua isiyo na gharama, na pengine ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Huduma ya mifugo ilichelewa kumfikiria mbwa kwa sababu haikuanzishwa kwa ajili yake. Maabara ya Mpwapwa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, na idara ya mifugo ya Waingereza iliyoirithi, zilishughulika na ng'ombe, ambaye sotoka ilikuwa imemwangamiza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mbwa aliingia katika taarifa za serikali kwa sababu ya kichaa chake. Mafunzo ya udaktari wa mifugo yalipoanza Morogoro mwaka 1976, katika taasisi ambayo mwaka 1984 ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ng'ombe bado ndiye aliyekuwa mhimili wa uchumi. Matokeo yake ni kwamba tiba za ng'ombe zilihamishiwa kwa mbwa bila kupimwa. Ng'ombe aliyevimba tumbo kwa povu la majani mabichi hunyweshwa mafuta ya kula, na humfaa, kwa kuwa mafuta hupasua povu lililonasa gesi katika tumbo lake la kwanza. Mbwa hana tumbo hilo, gesi yake iko mwisho wa utumbo, na mafuta humletea kuhara au, yakipaliwa, ugonjwa wa mapafu.

Mkaa una habari tofauti. Mwaka 2001 watafiti wa kituo cha Waltham cha Uingereza walichapisha jaribio ambalo mbwa walipewa kitafunwa chenye mkaa ulioamilishwa, dondoo la mmea wa yuka wa jangwani Amerika na chumvi ya zinki, na wakakuta kwamba kiasi cha haidrojeni salfaidi katika ushuzi kilipungua sana, ingawa mbwa hawakuacha kutoa gesi kwa idadi ile ile. Mkaa ulioamilishwa ni ule uliotibiwa kwa joto kali au mvuke hadi ukawa na vitundu visivyohesabika vinavyonasa kemikali. Mkaa wa jikoni, unaouzwa kwa magunia kando ya barabara, haujafanyiwa hivyo, na kumsagia mbwa ni kumchafua mdomo tu.

Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa na kingo za Momba katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 walikuja na mbwa wa kuchunga na maziwa ya kuwapa. Mbwa mzima humeng'enya kwa shida laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, lakini maziwa yaliyoganda humpa taabu ndogo, kwa sababu bakteria wa mtindi wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Mlo wa kambi ya ng'ombe, kwa bahati, kwa kawaida ulikuwa wa maziwa yaliyoganda. Mbozi, kwa upande wake, ni wilaya ya nguruwe, na nguruwe amekuwa mshindani wa mbwa kwa makombo mazuri, huku machinjio ya uani yakimwachia mbwa matumbo mabichi. Hapo gesi huwa ni dalili tu, kwani minyoo na vijidudu viitwavyo giardia huuchubua utumbo mwembamba usifyonze chakula, na mbwa anayenuka, kuhara na kukonda kwa pamoja anahitaji dawa ya minyoo na kipimo cha kinyesi kabla ya mtu yeyote kugusa bakuli lake.

Ipo pia hali moja ambayo historia yote hii ya chungu na makombo haiihusu sana, nayo ni ile ya mbwa mwenye kifua kirefu ambaye tumbo lake hujaa hewa ghafla, likajipinda na kujifunga pande zote mbili. Mnyama huyo hatoi ushuzi; hujaribu kutapika bila kutoa kitu, hutoa mate, tumbo humkaza kama ngoma, na bila kufanyiwa upasuaji hufa kwa muda wa saa chache. Kutoka Tunduma hadi hospitali ya wanyama ya chuo kikuu, Morogoro, ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara ile ile ya malori, na kwa mwenye mbwa mkubwa wa yadi kinachobaki ni kumwahi daktari wa mifugo aliye karibu kabla jua halijabadili upande, amtoboe tumbo kwa sindano ndefu na kuipunguza hewa wakati upasuaji unatafutwa.